Bi Mfasiri na Jibu la Daktari wa Meli

"Una haraka ya kujua nini?"

Aliniuliza hivyo wiki yangu ya kwanza kazini, kiganja chake kimelala juu ya kitabu nilichotaka kukifungua. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Chuoni nilisifiwa kwa kuuliza maswali, nyumbani walinichoka kwa maswali hayo hayo, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza haraka yangu ilikuwa ya nini. Nikaona ni swali la kunikomoa. Nikarudi kwenye kompyuta nikiwa nimenuna.

Watu wa upande wetu wa Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi, walimwita Bi Mfasiri. Nilifanya kazi naye miaka mitatu na sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake, isipokuwa dada mmoja wa benki aliyelisoma kwenye karatasi, na hata hapo yeye mwenyewe alichelewa kuitika. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Ngazi zilijaa marobota, kwa hiyo ulipanda ubavu ubavu. Mlangoni kulikuwa na kibao: TAFSIRI KIINGEREZA NA KISWAHILI. HATUTAFSIRI UONGO. Mstari wa pili aliuongeza baada ya mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya ngozi kumwomba aiache nje ile sehemu inayosema bidhaa imekwisha muda wake.

Chini ya kibao ndipo nilipokuta tangazo lililonileta: anatafutwa mtu wa kuchapa, wanaokubali kila kitu wasije.

Kazi iliyotulisha ilikuwa ya kawaida. Mikataba ya wenye maduka, vyeti vya ndoa na vya talaka, karatasi za dawa, na maelezo ya vitu vya umeme vilivyoshushwa kwa makontena. Hakutafsiri maelezo ya kitu asichokiona. Mteja wetu mkubwa, muuzaji wa jumla wa mabegi na birika, mtu wa Kilimanjaro tuliyemwita Mangi kama wanavyoitwa wenzake wote, alileta karatasi ya birika la umeme peke yake. Bi Mfasiri akaisukuma mezani.

"Lete birika."

"Mama, birika la nini tena? Maneno si hayo hapo?"

"Hapa wameandika ujaze maji mpaka kwenye mstari. Nataka kuuona mstari."

Mangi akashuka, akapanda na birika. Bi Mfasiri akaligeuza, akaingiza mkono, akaangalia kitako. Mstari haukuwepo. Siku ya pili akamkabidhi tafsiri iliyosema: Jaza maji mpaka kwenye mstari. Mstari haupo, kadiria mwenyewe.

"Utaniulia biashara wewe mama!"

"Nimekuandikia kilichopo. Unataka nikuchoree mstari?"

Mangi alichapa karatasi hivyo hivyo kwa sababu muda ulikuwa umemwishia. Akinamama walizisoma dukani, wakacheka, wakanunua. Tangu siku ile akawa anapanda ngazi hata asipokuwa na kazi, anakaa kwenye kiti cha wateja, anakunywa chai yetu na kulalamika kwamba haina sukari. Sukari ilikuwepo. Bi Mfasiri aliificha kwenye droo ya mihuri, akasema daktari amemkataza, kisha tukigeuka anajitilia vijiko viwili.

Naisema sukari kwa sababu sipendi watu wanaokumbukwa kama malaika. Huyu mama wa kutotafsiri uongo aliweza kuketi kitini, miguu juu ya kigoda, akamwambia mteja kwenye simu, "Niko njiani, nimeshafika Posta, foleni tu." Nikamtazama. "Huo ni uongo wangu mwenyewe," akasema. "Sijautafsiri."

Riwaya alianza kuisoma kwa ukurasa wa mwisho. Aliwakatiza watu midomoni. Mwezi wa Ramadhani alikuwa mkali mpaka wateja wakangoja Idi ndipo walete kazi. Na alipenda kubishana kuliko kula. Nikisema jambo, swali lake lilikuwa moja: "Umeona au umeambiwa?" Mara nyingi nilikuwa nimeambiwa. Lakini nilijifunza kumrudishia, na nilipomrudishia alifurahi, akapiga meza kwa kidole kimoja na kusema, "Hapo sasa."

Kitabu alichonizuia kukifungua alikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba wa kando ya barabara kule Posta. Kilikuwa kikubwa, kimelegea mgongo, kimekusanya barua walizoandikiana wachunguzi wa viumbe na mimea huko Ulaya, miaka ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa. Hakuna aliyemtuma kukitafsiri. Wengi wa watu wale hawakulipwa kwa uchunguzi wao. Walikuwa wachungaji wa makanisa, madaktari, manahodha, akinamama waliochora uyoga na konokono. Walitumiana mbegu na manyoya ya ndege ndani ya karatasi iliyokunjwa, na katika karatasi hiyo hiyo wakaulizana habari za nyumbani. Mke wangu anaumwa jino, mvua imegoma, je, huko kwenu kuna vyura wenye madoa mgongoni? Mchanganyiko huo ulimfurahisha sana.

"Hakuna anayesema amegundua," aliniambia. "Anasema nimeona hiki, wewe umeona nini?"

Mimi nilikuwa na ubishi wangu. Nilimwambia watu hawa, na waliowafuata, ndio waliokuja kutuandika bila kutuuliza. Kwa nini tuwape muda wetu, tena kwa Kiswahili?

"Wewe unajua walichouliza na ambacho hawakuuliza?"

"Sijui."

"Basi chapa. Tukimaliza uwagombeze ukiwajua."

Kulikuwa na sharti moja lililonitia wazimu. Alipomaliza kutafsiri barua, hakusoma jibu lake mpaka upite muda ule ule aliongoja mwandishi. Barua zilikuwa na tarehe, kwa hiyo muda ulijulikana. Kama jibu lilichukua wiki, tuliweka kitabu kando wiki. Kama lilichukua miezi mitatu, miezi mitatu tulitafsiri talaka na pasi za umeme. Kurasa zilizobaki alizifunika kwa kipande cha kitenge, akakishona pembeni ili hata upepo usimfunulie.

"Lakini jibu liko hapo," nilisema. "Lina umri wa miaka mia mbili. Halichelewi, halibadiliki."

"Aliyeandika alikuwa halijui. Mimi nikilijua, mkono wangu unalijua. Msomaji ataambiwa kabla ya wakati."

"Na zile riwaya unazoanzia mwisho?"

"Riwaya mtu kaitunga, mwisho anaujua. Namkagua. Hawa walikuwa hawajui."

Nikamwambia hiyo ni imani tu, hana ushahidi. Nilitegemea akasirike. Badala yake akaniuliza ushahidi ungepatikanaje. Tukapanga jaribio. Tulichukua barua ya bwana mmoja mpenda mimea aliyemwandikia rafiki yake kuhusu mbegu. Mimi nikaruhusiwa kusoma jibu kwanza, yeye hakulisoma. Kisha kila mmoja akatafsiri barua ile ile kwenye karatasi yake. Jibu nililolisoma lilitoka kwa rafiki, akimwandikia mjane wa yule mpenda mimea: habari za msiba zilikuwa zimemfikia pamoja na barua.

Tukaziweka karatasi zetu bega kwa bega mbele ya Mangi, awe mwamuzi. Katika karatasi ya Bi Mfasiri kulikuwa na mtu anayekohoa kidogo, amekerwa na kikohozi kwa sababu kinamchelewesha bustanini. Atatuma mbegu baridi ikipungua. Katika karatasi yangu mtu yule yule alikuwa anaaga.

"Hii 'Mungu akijalia' umeitoa wapi?" Bi Mfasiri aliniuliza.

Nikatafuta kwenye Kiingereza. Haikuwepo.

"Wewe ambaye kila siku unanibishia Mungu!"

Mangi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mimi nilijitetea, na mpaka leo naona nilikuwa na hoja: jaribio lilikuwa bovu. Tulikuwa watafsiri wawili tofauti, na mmoja alikuwa mwanagenzi. Labda mkono wangu haukujua kitu, labda mimi ni mfasiri mbaya tu.

"Hapo sasa," akasema, akapiga meza. "Hilo nalo linawezekana."

Hakunilazimisha kuamini. Lakini sikusoma tena jibu lolote kabla ya wakati wake, na sikumwambia kwa nini.

Barua iliyotuingiza kwenye kungoja kurefu ilitoka kwa mchungaji mmoja wa kijijini, mtu wa nchi ya baridi. Alikuwa na mbayuwayu waliojenga kwenye ghala lake kila mwaka, wakatoweka majani yanapopukutika, wakarudi joto linaporudi. Siku hizo watu wasomi walikuwa bado wanabishana mbayuwayu huenda wapi. Wengine walisema huvuka bahari. Wengine, watu wazima wenye heshima zao, walisema hujizika kwenye matope ya madimbwi na kulala mpaka baridi iishe. Rafiki zake mchungaji walikuwa wa matope. Yeye hakuwa na uhakika. Akawakamata ndege wa ghala lake, akawafunga kila mmoja uzi mwekundu mguuni, akawaachia. Kisha akamwandikia rafiki yake, daktari wa meli aliyekuwa akisafiri kuelekea kusini: ukifika nchi za joto ukaona mbayuwayu, tafadhali tazama miguu.

Bi Mfasiri aliitafsiri barua ile polepole kuliko zote. Mchungaji alikuwa ameshachekwa na wenzake kiasi cha kukubali kuchekwa maisha yake yote, endapo daktari atasema hakuna kitu. Ilionekana katika jinsi alivyoomba radhi kwa kumsumbua mtu mwenye wagonjwa. Jibu lilikuwa na tarehe ya zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Bi Mfasiri akaitazama tarehe hiyo tu, akafunika kurasa, akashona.

Mangi, aliyekuwa akinywa chai yetu alasiri hiyo, alitoka pale na habari nusu. Akaja wiki iliyofuata kwa sauti ya chini.

"Mama, ule mzigo wa mchungaji. Nimeongea na wakala wangu bandarini. Nipe namba ya kontena, tuufuatilie."

Nilifungua mdomo nimweleweshe. Bi Mfasiri akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Hauna namba," akamjibu. "Meli ya matanga."

"Matanga? Siku hizi?"

"Ndiyo maana inachelewa."

Mangi akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Yeye alishawahi kukaa miezi akingojea mabegi yaliyokwama baharini, wateja wakimpigia simu asubuhi na jioni. Alipokuja kuelewa kwamba mchungaji alikufa kabla hata babu yake hajazaliwa, alitununia siku mbili. Kisha akapanda ngazi, akaketi, akauliza kama kawaida, "Mchungaji kajibiwa?"

"Bado."

"Watu wa meli hawana adabu."

Ikawa salamu ya mtaa. Wauza vitenge wa chini walimwuliza Bi Mfasiri, "Uzi umeonekana?" hata kabla ya shikamoo. Mwishoni mwa mwaka, mbayuwayu walipokuja kukaa kwenye nyaya za umeme juu ya mtaa, nilimwona Mangi amesimama mlangoni pa duka lake, ameinua uso, anatazama miguu. Nilimwambia anajiaibisha. "Wewe hukai ukatazama," akanijibu, "ndio maana hujui kama ni aibu."

Miezi ya katikati ya kungoja ndipo tulipoanza kuona kwamba Bi Mfasiri haoni. Alimimina chai nje ya kikombe. Aliisogeza karatasi mpaka puani, kisha akaisogeza mbali, kisha akanipa mimi. "Soma, macho yamechoka." Alinipa karatasi za dawa, halafu mikataba, halafu kila kitu. Ilikuwa presha ya macho. Ilikuwa imechelewa kugunduliwa, na matone aliyopewa yaliweza kuipunguzia kasi tu. Alituambia hivyo kwa sauti ile ile aliyowaambia wateja kwamba kazi itakuwa tayari Alhamisi.

Jibu lilikuwa bado miezi mingi.

Nilimwomba alifungue. Nilijiandaa kwa hoja, nikaziandika kabisa. Kwamba sharti ni lake, anaweza kulivunja. Kwamba mchungaji alipongoja hakuwa anapoteza macho. Kwamba akilisoma leo atalisoma mwenyewe, na akingoja hatalisoma kamwe. Mangi alikuwa upande wangu.

"Bibi yangu, Mungu si mkaguzi. Fungua. Sisi tutanyamaza."

"Mchungaji alifungua?"

"Hakuwa na cha kufungua!" nilisema.

"Basi."

"Nisome mimi peke yangu," nikamwambia. "Nikwambie ndiyo au hapana tu."

"Mwanangu, wewe kunyamaza huwezi. Hata uso wako unaongea. Nitausikia."

Nilikasirika. Niliona ni ukaidi wa mtu mzima anayechezea kitu alichobakiwa nacho, na nilimwambia hivyo. Siku zilizofuata nilichapa kwa kugonga vitufe kwa nguvu ili anisikie. Alinisikia. "Kompyuta haijakukosea kitu," akasema.

Macho yalimalizika wakati wa mvua. Alifunga ofisi, akabaki chumbani kwake nyuma ya mtaa ule ule, mpwa wake akimhudumia. Nilipata kazi kwenye kampuni moja ya Posta, ya kusahihisha ripoti ambazo hakuna aliyezisoma. Nilikwenda kwake kila Jumamosi.

"Shikamoo Bi Mfasiri."

"Marahaba. Unanuka kiyoyozi. Umeleta ubishi gani leo?"

Tarehe ya jibu ilipofika, nilikwenda alasiri, moja kwa moja kutoka kazini. Nilimkuta amevaa gauni la Idi na ushungi uliopigwa pasi. Mangi alikuwa ameshafika, ameleta maandazi, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti vilikuwa viwili. Kitabu kilikuwa mapajani mwa Bi Mfasiri. Alipapasa kitenge, akaniomba nifumue mshono.

Tulikubaliana hivi: mimi nisome Kiingereza taratibu, yeye aseme Kiswahili, mimi niandike.

Daktari wa meli alianza kwa wagonjwa wake na maji mabaya. Kisha akasema amewaona mbayuwayu. Wengi, kwenye bandari ya nchi ya joto, wamekaa juu ya kamba za meli. Aliwatazama miguu kwa darubini asubuhi nyingi kadiri kazi ilivyomruhusu.

Sentensi iliyofuata nikaisoma kwanza kwa macho tu.

"Endelea," akasema.

"Hakuona uzi."

Mangi akainuka kwenye ndoo. "Yaani mwaka mzima, na uzi hamna?"

"Hamna."

"Sasa tulikuwa tunangoja nini?"

Bi Mfasiri aliinua mkono tunyamaze. Uso wake ulikuwa umegeukia ukutani, na nilidhani analia. Kumbe anatafuta neno. Akaitamka ile sentensi kwa Kiswahili, akaifuta, akaitamka tena: "Uzi sikuuona, na siwezi kukuambia hawa ni wako. Wala siwezi kukuambia si wako."

"Angeweza kudanganya," akasema kisha. "Nani angejua? Rafiki yake anachekwa kijiji kizima. Neno moja tu, nimeuona, na mchungaji analala usingizi. Hakuliandika." Akapiga paja kwa kidole kimoja. "Endelea, we mtoto. Barua haijaisha."

Haikuwa imeisha. Daktari aliandika kwamba amewauliza wenyeji wa bandari ile ndege hawa wakiondoka huenda wapi. Wenyeji walimjibu hawaendi popote, hulala mapangoni, chini ya miamba ya pwani, mpaka msimu wao urudi.

Bi Mfasiri alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu hapo. "Bibi yangu Lindi alisema hivyo hivyo! Mapangoni! Alituapia!" Akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Wao wanasema kwenye matope yao, sisi tunasema kwenye mapango yetu. Na ndege anapita tu, hata habari hana."

"Kumbe waliuliza," nikasema. Nilimaanisha ule ubishi wangu wa zamani.

"Huyu mmoja aliuliza. Usiwasamehe wote."

Tulimaliza magharibi ilipoadhiniwa. Alinifanya nimsomee Kiswahili chake mara mbili, akabadili maneno mawili, akasema basi. Mangi alimsaidia kusimama aende kuswali. Pale mlangoni alimwambia, kwa uchungu wa kweli, kwamba yeye bado anaamini uzi ulikuwepo, ila darubini ya daktari ilikuwa chafu.

Alifariki mwaka uliofuata, kwa homa ya mapafu, akiwa ananibishia kuhusu barua ya konokono. Namaliza kitabu polepole. Sharti nalishika, ingawa bado sina ushahidi kwamba linafaa.

Siku moja, muda mrefu baada ya msiba, nilipita dukani kwa Mangi kununua begi, tukaanza kumzungumza. Nikasema, kama nilivyosema mara nyingi, kwamba ni bahati mbaya macho yalimgeuka katikati ya kungoja. Mangi akaacha kufunga begi. Akaniambia si katikati. Yeye ndiye aliyempeleka hospitali mara ya kwanza, akaapishwa asimwambie mtu. Daktari wa macho alimweleza wazi kwamba mwaka hautaisha akiwa anasoma. Walirudi Kariakoo saa sita mchana, akapanda ngazi zake, na alasiri ile ndipo alipoitazama tarehe ya jibu, akazifunika kurasa na kuzishona.